Punje Iliyowekwa Nje ya Kamba

Kitale, Jumapili, Agosti 2009

Mvua, baridi, na matope hadi kwenye mlango wa cyber, duka la intaneti ninakofanya kazi. Leo biashara imefungwa, lakini bosi huniachia ufunguo nije kupiga deki, na nikishamaliza hakuna anayejua kama nimewasha kompyuta moja nikakaa. Stima yenyewe ni ya mgao siku hizi, inaweza kupotea wakati wowote, kwa hiyo naandika mbiombio. Ukiona nimekatika katikati ya sentensi, usidhani nimekufa.

Nina hasira. Nimekwenda nayo kanisani asubuhi na nimerudi nayo vilevile.

Jana nilimpeleka mama Bokoli, kule kwetu Bungoma, kumtafutia mahali pa kulala. Mwisho wa mwezi huu vyumba vyetu vya hapa Kitale vinabomolewa na sisi hatuna pa kwenda.

Mahali pamepatikana. Ndiyo maana tangu jana nalia.

Wacha nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho nitaonekana sina shukrani.

Mtaa wetu unaitwa Magunia kwa sababu uko nyuma ya maghala ya mahindi. Ni mstari mmoja mrefu wa vyumba vya udongo vilivyoezekwa mabati, kwenye shamba la Baba Wanjiru, mzee ambaye wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati wakanunua ardhi huku zamani. Mbele ya vyumba ni matope, nyuma ni mahindi yake. Choo ni kimoja na kina tabia zake. Lakini kodi ni nafuu. Ni mahali pekee mjini ambapo mtu wa mshahara kama wangu anaweza kulipa chumba na bado akala. Mama na mimi tumekaa hapo tangu baba alipofariki, na nilikuwa bado msichana wa kusuka nywele za uzi.

Mwanzoni mwa mwaka, kabla ya mvua za kupanda, watu wa ofisi ya mipango ya mji walikuja. Walituita uwanja wa kanisa wakatueleza kwamba mji unakua na unameza mashamba ovyo. Kila mwenye shamba anakata ploti za futi hamsini kwa mia na kuuza, hakuna njia ya maji, hakuna pa kujenga shule, na mtu wa kipato kidogo anasukumwa mbali kila mwaka. Kwa hiyo wanataka mpango wa eneo zima, mji pamoja na vijiji vyake, na wanataka tuupange pamoja nao. Tulipiga makofi. Nani atakataa kuulizwa maoni yake?

Kisha wakatandaza kamba chini, mviringo mkubwa. Ndani ya kamba wakamwaga jivu kuonyesha barabara, wakapanga mawe kuonyesha mashamba: hili la fulani, hili la fulani, hili la Baba Wanjiru. Halafu kila familia ikapewa punje moja ya mahindi. Weka punje yako mahali unapokaa, walisema, tuone watu wako wapi. Hawakusema punje hizo zitafanya kazi gani baadaye. Kwetu ulikuwa mchezo tu wa asubuhi, na soda ilikuwa inatungoja.

Wenye mashamba walitangulia. Baba Wanjiru aliinuka kwenye kiti chake cha plastiki, akainama kwa shida ya mgongo, akaweka punje yake katikati ya mawe yake. Ikafika zamu ya wapangaji. Mama ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri, kwa hiyo alisukumwa mbele.

Ninamwona hadi sasa. Alishika punje, akatembea juu ya jivu, akapita mawe ya Baba Wanjiru bila kuyatazama, akainua sketi kidogo, akavuka kamba. Akaendelea. Akafika kwenye majani upande wa kuelekea Bungoma, akainama, akaiweka punje pale polepole kama mtu anayepanda. Akageuka akasema, “Mimi kwangu ni Bokoli.”

Watu walicheka na kumpigia makofi. Wa mipango nao wakacheka.

Msomaji wa mbali atatuona wajinga, na nitakubali nusu. Lakini fikiria vizuri. Mwenye shamba ameketi pale mbele yako na kofia yake. Miaka yote amekupa chumba bila kukupandishia kodi ovyo. Wewe mpangaji utasimama vipi mbele ya watu wote, uweke mbegu juu ya ardhi yake, useme hapa ni kwangu? Na si mwaka wowote. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu ule moto wa ghasia za baada ya uchaguzi, wakati Baba Wanjiru alilala kanisani na familia yake kwa hofu ya watu waliokuwa wanasema maneno hayohayo: hapa ni kwetu. Mama alimpelekea uji siku zile. Mwenye adabu hawezi kutania na kitu kama hicho, hata kwa punje.

Na baada ya mama, nani angeweka yake ndani? Ingekuwa kama kumwambia mama mzima kwamba hana heshima. Mimi nilimfuata, nikasimama kando ya punje yetu. Jirani wa chumba cha mwisho akaenda upande wa Malakisi. Mwingine akaweka Webuye. Mama Chebet, aliyetoroka vita vya Mlima Elgon akiwa na sufuria moja na watoto, hakuweka popote. Aliitia punje yake kwenye mfuko wa aproni. Nilipomuuliza alisema, “Mimi niliona watu wakikatwa juu ya shamba. Sitaki mtu aseme ati nilionyesha kidole shamba ya mwingine.”

Wa mipango walichora kila kitu kwenye karatasi kubwa. Walichora kilichokuwa ndani ya kamba. Kuku wa kanisa walikuja wakala kilichokuwa nje.

Tulikunywa soda tukaenda zetu.

Wiki mbili zilizopita chifu alisoma mpango. Kutakuwa na stendi mpya na soko. Kutakuwa na barabara ya lami. Kila familia iliyo kwenye ramani, ikiguswa na ujenzi, itapewa ploti ndogo ng'ambo ya barabara kwa bei ya kulipa polepole hadi iwe yake. Tulikuwa tunatikisa vichwa kwa furaha. Halafu akasema soko litajengwa Magunia, kwa kuwa hapo hapana watu. Kwenye ramani ni shamba tupu lenye familia moja, ya Baba Wanjiru.

Tulikuwa tumesimama pale, watu wa mstari mzima, na watoto mgongoni.

Nilienda ofisini siku ya pili. Nilipokelewa na yule dada aliyekuwa ametugawia punje, mpole, mtu wa kukupa kiti kabla hujaomba. Nilimweleza habari ya kamba, ya adabu, ya Baba Wanjiru. Alinisikiliza hadi mwisho, na macho yakamlegea kwa huruma. Kisha akasema, “Lakini dada, ramani si mlichora nyinyi wenyewe? Tulifanya hivyo makusudi, ili mtu asiseme ofisi ilimchorea. Na sasa imeshapitishwa.”

Ningekuta mtu mwenye kiburi ningemtukana nikarudi nyumbani nimepoa. Huyu alinipa chai.

Baba Wanjiru naye nilimkuta shambani akiangalia mahindi yake, ambayo sasa yametoa ndevu na hayatavunwa yote, kwa sababu tingatinga halingoji kuvuna. Yeye atalipwa ardhi yake, hana kesi. Lakini alikuwa amekonda. Aliniuliza, “Kwa nini hamkuniuliza tu? Mimi ningewaambia mweke. Ningefurahi hata. Nilipoona mama yako amevuka kamba, nilifikiri mnanikataa, ati hamtaki kuhesabiwa na mimi.”

Heshima si utumwa, tulifundishwa. Sawa. Lakini heshima hiyo sisi tulimpa yeye kimya, na yeye akatupa yake kimya, na katikati ya kimya hicho watajenga soko.

Mambo ya chumba kingine sitaki hata kuyaandika kwa urefu. Nimezunguka Kitale yote jioni baada ya kazi. Tangu watu wasikie habari ya lami, kila mwenye kibanda amekuwa bwana mkubwa. Chumba kisicho na dirisha kinadaiwa kodi mara mbili ya ile tunayolipa, na kabla hujaingiza hata ndoo unaambiwa utoe na ya miezi ya mbele. Mmoja aliniangalia juu hadi chini akaniuliza kama nina mume. Nikamuuliza kama kodi hulipwa na mume au na pesa. Chumba nilikikosa, bila shaka.

Mpango uliokuja kutupunguzia bei ya nyumba ndio umeipandisha. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Lakini hayo yote ningeyabeba. Kilichonichoma ni mtaa. Watu walianza kumnunia mama. Si kwa matusi, watu wa Magunia hawana tabia hiyo. Ni salamu tu zilizofupika. Bombani wakinyamaza akifika. Siku moja mtoto wa jirani alisema kwa sauti kile alichokisikia nyumbani kwao, kwamba huyu nyanya ndiye alitupeleka Bungoma. Mama alikuwa anaanika nguo. Aliendelea kuanika.

Ijumaa alipomaliza ugali wake alisema, “Niliwaonyesha watu njia ya kwenda kwetu. Wacha nitangulie mimi.”

Hivyo ndivyo tulivyofika Bokoli jana.

Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, alitupokea vizuri. Alikuja hadi barabarani. Alinibebea mkoba. Mke wake alikuwa ameshakata shingo ya kuku kabla hatujakaa. Naandika haya ili nisimseme vibaya, kwa sababu hasira yangu ina tabia ya kutafuta mtu mmoja wa kumkalia, na hapa sijampata.

Nyumba ya mama ilianguka kitambo, hilo tulilijua. Udongo usipopakwa hurudi kuwa udongo. Mama alikuwa amejiandaa kuona kiwanja, majani, labda ng'ombe amefungwa hapo. Alikuwa amenipangia njia nzima: tutaanza na chumba kimoja, mlango utazame mvule, jikoni hapa, na atapaka kuta mwenyewe.

Tulipozunguka migomba tukaona vibanda vitatu vipya, vya udongo mwekundu, mabati yanang'aa.

Mwaka jana ulikuwa mwaka wa tohara. Watoto watatu wa baba mdogo waliingia, na kijana wa Kibukusu akishatahiriwa halali tena katika nyumba ya mama yake. Lazima awe na simba, kibanda chake mwenyewe. Huwezi kumwambia angoje. Na shamba lenyewe ni kipande, babu aligawia watoto, watoto wanagawia wao, miwa imefika hadi kwenye kizingiti cha choo. Sasa baba mdogo angewajengea wapi? Palikuwa na mahali pamoja tu pasipokuwa na kitu.

Alieleza yote hayo akiwa amevua kofia. “Shemeji, aridhi ilikuwa imekaa bure. Na vijana wamekuwa wanaume. Mimi ningefanya nini, bana?”

Mama alisema ni vizuri. Alisema watoto wamekua, Mungu asifiwe.

Mvua ya rasharasha ilianza. Kijana mkubwa, mwenye kibanda cha katikati, alikuja mbio akafungua mlango wake. Ana sura ya baba yangu, huyo kijana. Alisema, “Mama mkubwa, ingia, usinyeshewe. Hata ukitaka ukae kwangu kabisa. Mimi nitarara kwa jikoni, si neno.” Alisema kwa moyo safi, ungeona.

Mama alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. Huyo ni mtoto wake kwa mila, na mama haingii mahali mtoto wake aliyetahiriwa anapolala. Kwa hiyo alisimama nje, chini ya ukingo wa mabati, mgongo umegusa ukuta, maji yanamrukia miguuni. Kilikuwa kiwanja chake mwenyewe. Alikipaka kinyesi cha ng'ombe kwa mikono yake kabla mimi sijazaliwa. Na mle ndani hakuweza kuweka hata mguu mmoja.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kusema shamba hili nusu lilikuwa la baba, na sheria ipo. Najua ipo, nimewachapia watu wengi barua za mambo hayo hapa cyber. Lakini ningemshtaki nani? Kijana aliyekubali kulala na moshi wa jikoni? Na mama angelala wapi kesi ikiendelea? Niliufunga mdomo wangu, jambo ambalo wanaonijua hawataamini.

Tulikula kuku. Mke wa baba mdogo alisema tunaweza kukaa wiki moja jikoni kwake, tusione haya. Wiki moja. Alikuwa anatupa alichokuwa nacho.

Kisha mama akaomba aonyeshwe kaburi la baba. Baba mdogo alitangulia, akikata miwa kwa panga kutufungulia njia, maana imepandwa hadi pale. Kaburi lenyewe limeachwa vizuri, limepaliliwa. Na kando yake kuna nafasi imeachwa wazi, upana wa mkeka, hakuna muwa wala jani. Mama aliitazama. Baba mdogo akamwona akiitazama.

“Hapo ni mahari pako,” alisema. “Vijana waritaka kupanda hapo miwa, nikakataa kabisa. Nikawaambia hapo ni pa mama yenu. Hata nikifa mimi, hakuna mtu ataguza.”

Mama alifurahi.

Sijui niandike vipi sehemu hii ili mtu anielewe. Alifurahi kweli. Uso uliokuwa umekunjamana tangu chifu asome mpango ulifunguka. Alimshukuru baba mdogo, akamshika mikono yote miwili. Alizunguka nafasi ile, akaondoa jiwe dogo akalitupa kwenye miwa. Njiani kurudi aliniambia, “Sasa angalau najua mahali pangu pako.” Akasinzia begani mwangu hadi Kitale.

Nilikwenda kumtafutia mama mahali pa kulala mwisho wa mwezi. Nimempatia mahali pa kulala milele. Ndiyo ploti pekee katika wilaya hizi mbili iliyopangwa kwa jina lake, ikalindwa, na haina kodi.

Leo asubuhi baada ya kanisa aliwasalimia majirani kwanza, kabla hawajaamua kama watamsalimia. Mama Chebet alimpa sukari kidogo kwa karatasi, na wakasimama pale mlangoni wakacheka jambo fulani. Nilipotoka kuja huku alikuwa ameanza kukunja nguo na kuzifunga kwa leso. Nilimuuliza anazipeleka wapi. Alisema hajui, lakini nguo zikiwa zimefungwa hazinyeshewi ovyo.

Kesho nitaomba bosi aturuhusu tulale hapa cyber kwa muda, kati ya mashine. Nadhani atakataa. Nitamwomba hivyohivyo, kwa sababu mwisho wa mwezi hautanisubiri nipate ujasiri.

Taa imeanza kupepesa, kwa hiyo ni hili tu la mwisho. Tangu jana najiuliza swali la kijinga. Mama ana Bokoli, hata kama ni kaburi. Mimi ni binti, sijaolewa, na kwa mila yetu hata upana wa mkeka sijaachiwa kwenye ile miwa. Ninaijua Kitale kichochoro kwa kichochoro na jina langu haliko popote. Wakirudi leo na kamba yao na jivu lao, wanipe punje moja, waniambie weka unapokaa, nitaiweka wapi?

Ningesimama tu pale nimeikamata mkononi, hadi watu wote waende nyumbani.